Tausi weupe katika banda la nyumbani: hofu iko kwenye udongo, si kwenye rangi

Swali: Nina banda la wavu nyuma ya nyumba lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na nusu na kimo cha mita 2. Lilikuwa la kuku, na kuku wachache bado wamo. Nataka kununua tausi weupe wawili, dume na jike. Nimeambiwa kuwa tausi weupe ni dhaifu, hawaoni vizuri na hufa mapema kuliko wale wa buluu. Je, ni kweli? Banda langu linatosha? Na nifanye nini ili weupe wao usichafuke?

Jibu: Ndugu msomaji, tausi mweupe ni mgumu kuliko sifa aliyopewa. Nilipoisoma barua yako, kilichonitia wasiwasi si rangi ya ndege unaowataka, bali yale maneno mawili uliyoyapitia haraka: kwamba banda lilikuwa la kuku, na kwamba kuku bado wamo. Nitalirudia jambo hilo kwa kirefu, lakini kwanza niiondoe hofu ya rangi.

Tausi mweupe anayefugwa majumbani si aina ya pekee ya ndege. Ni tausi yuleyule wa India, ambaye kwa kawaida huwa na shingo ya buluu, isipokuwa amerithi hali inayoyanyima manyoya yake rangi. Hana ualbino. Ndege mwenye ualbino hukosa rangi hata machoni, macho yake huonekana mekundu au ya waridi, na ni kweli kwamba huona kwa shida kwenye jua kali. Tausi mweupe macho yake yana rangi, mara nyingi buluu iliyochanganyika na kijivu, na humwona mwewe aliye mbali kama wenzake wanavyomwona. Waliokuambia kwamba haoni vizuri wamewachanganya ndege wa hali mbili tofauti.

Buluu na kijani za tausi wa kawaida hutokana na vijiti vidogo mno vya melanini, ile rangi nyeusi ya asili ya mwili, vilivyojipanga ndani ya unyoya kwa namna inayorudisha sehemu fulani tu ya mwanga. Melanini isipokuwapo, mpangilio huo haujengeki, mwanga hutawanyika wote, nasi tunaona weupe. Hata hivyo umbo la unyoya halipotei. Chukua unyoya mmoja wa mkia wa dume mweupe, uugeuzegeuze kwenye mwanga wa pembeni, na utaliona jicho lake likiwa limechorwa kwa weupe juu ya weupe, sehemu moja ikimeta na nyingine ikiwa imefifia. Tofauti moja ya kimwili ipo, nayo inafaa kuijua: melanini huuongezea unyoya ugumu, kwa hiyo unyoya usiokuwa nayo hulika mapema kwenye ncha. Katika banda lenye kuta za karibu na wavu uliochongoka, dume mweupe atamaliza msimu akiwa na mkia uliochakaa kuliko wa ndugu yake wa buluu.

Kuna chanzo cha haki cha zile habari za udhaifu, nacho ni ndugu kuzalishwa na ndugu. Weupe huu hurithiwa kutoka pande zote mbili: kifaranga hupata rangi hiyo iwapo baba na mama wote wamempa. Mweupe akimpanda mweupe, watoto wote huwa weupe. Mweupe akimpanda wa buluu asiyebeba weupe, watoto huonekana wa buluu, pengine wakiwa na manyoya machache meupe kwenye mabawa, lakini wanaubeba weupe ndani yao. Mfugaji anayetaka kuuza vifaranga weupe kwa haraka hushawishika kuwaoanisha ndugu wa kiota kimoja, kizazi baada ya kizazi, na matokeo yake ni mayai yasiyoanguliwa, vidole vilivyopinda na vifaranga wasiokua. Lawama hutupiwa rangi. Kwa hiyo muulize muuzaji kama dume na jike anaokupa wana wazazi tofauti, na akisita kujibu, chukua mmoja kwake na mwingine kwa mfugaji wa mbali.

Sasa turudi kwenye kuku. Ndani ya vile vifuko viwili vilivyo mwishoni mwa utumbo wa kuku huishi mnyoo mdogo uitwao Heterakis, na ndani ya mayai ya mnyoo huyo hujificha kimelea kingine, Histomonas, ambacho ndicho kinacholeta ugonjwa wa histomonasi. Kuku anaweza kuvibeba vyote viwili maisha yake yote huku anataga na kunenepa kana kwamba hana lolote. Tausi, kama bata mzinga, hana uvumilivu huo: kimelea hupenya kuta za vifuko hivyo, huingia kwenye damu na kulishambulia ini. Utamwona ndege amesimama pembeni, mabawa yameshuka, macho yamefumba nusu, na kinyesi chake kina rangi ya manjano kama salfa. Ukifika hapo umechelewa, hasa kwa ndege mchanga. Dawa zilizozoeleka zamani zimepigwa marufuku katika nchi nyingi kwa ndege wa kuliwa, na daktari wa mifugo ndiye atakayekuambia ni ipi inayoruhusiwa kwenu.

Kuwaondoa kuku peke yake hakutoshi. Mayai ya mnyoo huyo hudumu udongoni kwa miaka kadhaa, na nyungunyungu akiyameza huyahifadhi mwilini mwake mpaka aliwe na ndege, na tausi ni mpenzi mkubwa wa nyungunyungu. Kufagia sakafu na kunyunyizia dawa ya kuua vijidudu hakuyafikii mayai yaliyo chini ya udongo. Ushauri wangu ni kwamba banda hilo liachwe kwa kuku, na tausi wajengewe mahali ambapo kuku hawajawahi kuchakura. Ikiwa huna sehemu nyingine, chimba udongo wa juu uuondoe, kina cha koleo zima, kisha jaza kokoto na mchanga mpya, na uinue sakafu ipande juu ya ardhi ya kando ili maji ya mvua yasiingie yakitoka upande wa kuku. Viatu, koleo na ndoo za upande mmoja zisivuke kwenda upande wa pili. Vilevile usikubali mayai ya tausi yaatamiwe na kuku, ingawa ni desturi ya wengi na kuku ni mlezi hodari. Kifaranga ataanza kudonoa kinyesi cha mama huyo wa kambo tangu siku ya kwanza.

Pamoja na hayo, peleka kinyesi kikapimwe minyoo angalau mara mbili kwa mwaka badala ya kutoa dawa kwa kubahatisha. Fenbendazoli hutumiwa sana na hufanya kazi nzuri dhidi ya Heterakis, lakini imeshuhudiwa kuharibu manyoya yanayoota kwa baadhi ya ndege, njiwa wakiwemo. Kwa hiyo mimi hupendelea tiba isiangukie wakati dume anaotesha mkia mpya, isipokuwa kama ugonjwa umeshaingia. Magonjwa mengine ni yaleyale ya ndege wote wa kufugwa. Mdondo na ndui vina chanjo, nayo itolewe kwa ratiba ya daktari. Kuhara damu kwa vifaranga huzuiwa zaidi na ukavu wa sakafu kuliko na chupa ya dawa.

Kuhusu ukubwa: banda ulilonalo linawafaa tausi wanaokua, wasiozidi mwaka mmoja na nusu hivi. Halimfai dume aliyekomaa. Dume mzima, ukimpima tangu mdomo hadi ncha ya mkia wa msimu, anaweza kupita mita 2, na akiutandaza mkia wake upana wake hupita mita 2 vilevile. Tena hatulii mahali pamoja. Huzunguka taratibu, hurudi kinyumenyume, hutetemesha manyoya. Katika upana wa mita 2 na nusu atakuwa anayafuta manyoya kwenye wavu kila anapogeuka, na baada ya wiki chache utaona ncha zote zimekatika kwa mstari mmoja. Jenga upana usiopungua mita 3, ukiweza 4, urefu wa mita 6 hadi 8, na kimo cha mita 2 na nusu au zaidi. Hicho ni kipimo cha dume mmoja na jike mmoja au wawili. Usiweke madume wawili waliokomaa pamoja wakati wa kuzaa, kwa kuwa vikwaru vyao vinatoboa ngozi.

Kimo kina sababu nyingine. Tausi akishtuka usiku, kwa paka au taa ya gari, haruki kwenda mbele. Huruka wima kama jiwe lililorushwa, na kichwa ndicho kinachofika kwanza kwenye dari. Wavu wa chuma uliokazwa humchuna ngozi ya utosi pamoja na kishungi. Ndiyo maana sehemu ya wazi ya juu ninashauri ifunikwe kwa wavu laini wa nailoni, au kama wanyama wakali wanaulazimisha wavu wa chuma, ule laini uwekwe chini yake kwa nafasi ya sentimita 20 au 30. Pembeni tumia wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu ya sentimita 2 na nusu au madogo zaidi, uuzamishe ardhini au uulaze kwa nje upana wa nusu mita ili mbwa na wachimbaji wengine wakwame. Weka milango miwili inayofuatana, yenye kijichumba katikati. Tausi aliyetoroka juu ya paa la jirani huweza kukaa huko siku nzima akikutazama unavyohangaika na ngazi.

Jambo ambalo wajenzi wengi hulisahau ni vipande vya chuma. Tausi humeza kila kinachong'aa: misumari, skrubu, vipande vya waya vilivyobaki baada ya kukata wavu. Vitu hivyo hutoboa firigisi, na vile vilivyopakwa zinki humtia sumu taratibu. Siku fundi anapoondoka, pita wewe mwenyewe na sumaku iliyofungwa kwenye fimbo, uikokote sakafu nzima, hasa chini ya kuta na mlangoni. Wavu mpya nao usugue kwa brashi na siki, kisha uusuuze kwa maji mengi, ili zile chembe za zinki zilizolegea zitoke kabla ndege hawajaanza kuzidonoa.

Theluthi moja ya banda iwe chini ya paa, na kuta zake tatu zizibe upepo. Tausi hustahimili baridi vizuri iwapo ni mkavu na hapulizwi na upepo. Mahali penye baridi kali, kichanja cha kulalia kiwe bapa na chenye upana wa kutosha, sentimita 8 hadi 10, ili ndege akilala tumbo lifunike vidole. Kichanja kikae kwenye kimo cha mita 1 na nusu hadi 1.8, mbali na ukuta wa nyuma zaidi ya mita moja. Umbali huo wa ukuta ndio unaouokoa mkia. Ukikipachika kichanja karibu na ukuta, dume atalala mkia ukiwa umekunjwa dhidi ya mbao usiku kucha, na hakuna chakula kitakachounyoosha.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali lako la weupe. Unyoya uliokwisha kukua ni kitu kisicho na uhai, kama ukucha. Doa likiingia ndani yake linabaki mpaka unyoya udondoke. Kwa hiyo usafi wa tausi mweupe huamuliwa na sakafu, si na sabuni. Udongo mwekundu ni adui wa kwanza: ndege hujigaragaza ndani yake kwa furaha, kisha mvua ikinyesha rangi hukaza. Adui wa pili ni kutu ya mabati na misumari inayodondoka na umande. Wa tatu ni tope la kinyesi chini ya kichanja, ambapo mkia hugusa kila dume anapotua. Tandaza mchanga mnene wenye rangi hafifu, kina cha sentimita 10 hadi 15, juu ya kokoto zinazopitisha maji, na chini ya kichanja uchekeche mchanga kila siku au kila baada ya siku mbili. Zege husafishika kwa urahisi, ila sipendi kuliona likiwa sakafu nzima, kwa sababu husaga ncha za manyoya na kusababisha vidonda vya nyayo vinavyovimba. Kona moja kavu chini ya paa iachiwe mchanga laini wa kujigaragazia. Mvua safi iwafikie upande wa wazi. Mara nyingi hiyo peke yake hufanya kazi ambayo watu hudhani inahitaji beseni. Ukilazimika kumwosha, osha sehemu yenye doa tu kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, asubuhi yenye jua, usije ukamwondolea mafuta yake ya asili na kumwacha ameloa hadi ngozini.

Faraja ni kwamba kila mwaka hesabu huanza upya. Baada ya msimu wa kuzaa dume hupukutisha manyoya marefu ya mkia, 150 au zaidi, na kuotesha mengine katika miezi inayofuata. Ukitaka kubadilisha mchanga au kurekebisha kuta, fanya mwanzoni mwa kipindi hicho, kabla manyoya mapya hayajaanza kujaa damu kwenye vishina. Unyoya unaoota ukivunjika hutoka damu nyingi.

Chakula hakina siri. Wazima wapewe chakula cha bata mzinga au cha ndege wa jamii ya kware chenye protini asilimia 16 hadi 18, iongezwe hadi karibu asilimia 20 wakati wa kutaga na wakati wa kuotesha manyoya. Vifaranga waanze na asilimia 26 hadi 28. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi nyingi mno kwa vifaranga na huwaharibu figo. Jike anayetaga mwekee maganda ya chaza au kalisi nyingine kwenye chombo cha pembeni, achukue anachohitaji. Majani mabichi na wadudu ni vyema, parachichi ni sumu, na nafaka yenye ukungu usimpe hata mara moja. Soma pia maandishi ya mfuko: salinomaisini, inayochanganywa kwenye baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama ili kuzuia kuhara damu, huua bata mzinga, nami simpi tausi chakula chenye dawa hiyo.

Itakapobidi kumshika, ngoja giza liingie. Mfuate akiwa kichanjani na tochi yenye mwanga hafifu, mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi, kisha ushike miguu yote miwili juu ya vifundo kwa mkono mmoja na kumkumbatia mabawa kwa mkono mwingine. Usimkamate mkia kamwe. Ndege aliyeogopa huachia manyoya kwa makusudi ya kujiokoa, na utabaki umeshika shada lote mkononi huku yeye amefika upande wa pili wa banda.

Majirani hukuwauliza, lakini watakuuliza wao. Wakati wa kuzaa dume hulia alfajiri, jioni, na hata usiku wa manane, na sauti yake husikika mbali. Zungumza nao kabla ya kununua, na uulize pia mamlaka ya wanyamapori na halmashauri ya kwenu kama kibali kinahitajika.

Mwisho ni umri wa kununua. Kifaranga mweupe huanguliwa akiwa na manyoya ya manjano hafifu, na kwa kuwa dume na jike wote ni weupe, huwezi kutegemea rangi ya shingo kuwatofautisha kama inavyowezekana kwa wa buluu. Muuzaji anayekuambia kwa uhakika kwamba hawa wawili wa miezi mitatu ni dume na jike anakisia, labda awe na majibu ya kipimo cha vinasaba kutoka maabara. Wa mwaka mmoja unaweza kuwalinganisha: dume huwa na miguu mirefu zaidi na uvimbe wa kikwaru unaoanza kuonekana. Mkia mfupi hujitokeza akiwa na miaka 2, na ule kamili akiwa na miaka 3, umri ambao ndipo huanza kuzalisha kwa uhakika. Jike huanza kutaga akiwa na miaka 2. Ningekushauri uchukue wa mwaka mmoja, ambao wamevuka umri hatari wa ukifaranga na bado wana muda wa kulizoea banda. Wakifika, wakae siku 30 mahali pa peke yao, mbali na kuku wako, na kinyesi chao kipimwe katika wiki ya kwanza na tena kabla hujawahamishia kwenye mchanga mpya.